Jinsi ya kupima protini kwenye ubongo wa panya aliyeishi na msongo sugu: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ya wanafunzi wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza hayabadiliki. Nimewapa panya msongo wiki tatu, mbona bendi za BDNF (mistari ya protini inayolea seli za neva, kwenye picha ya mwisho) ziko sawa kwenye makundi yote? Nisage ubongo mzima au nichukue kipande? Aktini yangu, protini niliyoitumia kama ya kulinganishia, nayo imebadilika, sasa nalinganisha na nini? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kwenye kizimba hadi kwenye hesabu.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: panya weusi wa aina ya C57BL/6, msongo wa kubanwa kwenye tyubu, na protini ya BDNF kwenye hipokampasi, inayopimwa kwa westani bloti, yaani kutenganisha protini kwenye jeli kwa umeme, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili. Ukiuelewa mfano huu, protini nyingine utazifuata kwa njia ileile ukibadilisha mambo machache.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya yote. Wengi wakikosa matokeo hukimbilia kubadili kingamwili, ile protini inayoitambua na kuishika protini unayoitafuta. Mara nyingi kosa lilishafanyika zamani, kwenye kizimba au katika dakika za kwanza baada ya kichwa kufunguliwa. Jeli haiwezi kukurudishia kilichopotea huko.

Nadharia kidogo tu

Msongo ukidumu, tezi za juu ya figo humwaga homoni ya kotikosteroni siku baada ya siku. Kwa panya hiyo ndiyo homoni kuu, si kotisoli kama kwa binadamu, kwa hiyo usiagize vifaa vya kupimia kotisoli. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu, ina vipokezi vingi vya homoni hiyo. Bruce McEwen na wenzake walilionyesha hilo kwenye panya wakubwa mwaka 1968. Msongo sugu hufupisha matawi ya seli za neva za hapo, na BDNF, protini inayozilea na kuziimarisha seli hizo, kwa kawaida hupungua.

Lakini si ubongo wote unaokwenda upande mmoja. Mwaka 2002 kundi la Sumantra Chattarji huko Bangalore, India, lilionyesha kwamba msongo uleule uliopunguza matawi ya seli za hipokampasi uliyarefusha kwenye amigdala, sehemu inayohusika na hofu. Mwaka 2006 kundi la Eric Nestler huko Dallas, Marekani, likaripoti kwamba panya walioshindwa mara kwa mara na panya wakali walikuwa na BDNF nyingi zaidi kwenye nukleasi akumbensi, sehemu inayohusika na raha na hamu. Hilo ndilo jibu la swali la ubongo mzima: ukiusaga wote pamoja, kilichopanda kinafuta kilichoshuka, nawe unaandika kwamba hakuna tofauti.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti wa wanyama. Bila hicho usiguse hata panya mmoja.
- Mtu aliyefunzwa kuua panya haraka na bila mateso, atakayekusimamia hadi nawe upate ujuzi huo.
- Panya dume 24 wa umri mmoja, wiki 8 hadi 10, waliokua pamoja tangu walipoachishwa kunyonya.
- Tyubu za plastiki za mililita 50 zilizotobolewa matundu ya hewa ya kutosha, hasa upande wa pua.
- Mizani, chupa mbili za maji kwa kila kizimba, na sukari.
- Mikasi midogo, koleo nyembamba, sahani ya kioo, barafu, na barafu kavu au nitrojeni kimiminika.
- Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama umeme wa kwenu hukatika, ulizia mapema jenereta inawaka baada ya muda gani na nani anabaki na funguo usiku.
- Bafa ya RIPA (kimiminika cha kuyeyushia tishu), vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini, na vifaa vya BCA vya kupimia jumla ya protini.
- Vifaa vya jeli na vya kuhamishia, utando wa PVDF (plastiki inayoshika protini) wenye matundu ya mikromita 0.2, rangi ya Ponceau inayoonyesha protini zote, kingamwili, na mashine ya kupigia picha mwanga.
- Protini safi ya BDNF kidogo kwa ajili ya kisima kimoja. Wanaoanza huiona kama anasa, lakini ndiyo itakayokuonyesha bendi yako ni ipi.

Hatua ya 1: Panga idadi na makundi

Panya sita kwa kila kundi hawatoshi, hata kama umeona makala nyingi zikitumia hao sita. Kama tofauti unayoitafuta ni sawa na mchepuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika), unahitaji panya 17 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Ikiwa ni michepuko sanifu 1.2, wanatosha 12. Hapa natumia 12 na 12. Kutumia panya wachache mno si huruma kwa wanyama: wanakufa wote na swali linabaki bila jibu.

Gawa makundi kwa kura, kizimba kwa kizimba. Panya wa msongo na wa ulinganisho wasikae kizimba kimoja, kwa sababu anayerudi kutoka kwenye tyubu huja na harufu ya hofu na wenzake huipokea. Usiwatenge mmojammoja pia; upweke kwa panya ni msongo tosha.

Hatua ya 2: Wazoeshe kwa wiki moja

Panya waliosafirishwa wana msongo tayari. Wape wiki nzima ya kutulia, taa ziwake saa moja asubuhi na kuzimwa saa moja jioni. Katika wiki hiyo wazoeshe mikono yako.

Usiwainue kwa mkia. Jane Hurst na Rebecca West, watafiti wa Uingereza, walionyesha mwaka 2010 kwamba panya wanaoinuliwa kwa mkia huwa na wasiwasi zaidi kuliko wanaobebwa kwenye bomba la plastiki au kwenye viganja. Anayewabeba kwa mkia anawapa msongo hata panya wake wa ulinganisho, kisha anashangaa makundi yakilingana.

Mtu mmoja ahudumie makundi yote mawili. Mwaka 2014 kundi la Jeffrey Mogil huko Montreal, Kanada, liligundua kwamba harufu ya wanaume peke yake huamsha msongo kwa panya. Kama kundi moja linahudumiwa na kaka na lingine na dada, unalinganisha wahudumu.

Hatua ya 3: Msongo wa siku 21

Kila siku, kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, mwingize panya kwenye tyubu akiwa ametanguliza kichwa. Ziba nyuma kwa kizibo au karatasi laini ili asiweze kugeuka, lakini kifua chake kipanuke bila shida. Tyubu zilale mezani mbali na jua na upepo wa kiyoyozi. Wapitie kila baada ya dakika 15. Pua ikigeuka rangi au pumzi ikikatika, mtoe papo hapo.

Kwa saa hizohizo mbili, waondolee chakula na maji panya wa ulinganisho bila kuwahamisha. Hatua hii husahaulika sana. Panya aliye kwenye tyubu hali wala hanywi, na njaa peke yake hubadilisha protini za ubongo.

Wapime uzito mara mbili kwa wiki. Panya akipoteza asilimia 20 ya uzito, au akifikia kikomo cha chini zaidi kilichowekwa na kamati yako, anatoka kwenye jaribio na unaandika sababu.

Onyo: panya huzoea. Kibano kilekile, saa ileile, kila siku, na kufikia wiki ya pili au ya tatu kotikosteroni haipandi tena kama siku ya kwanza. Ndiyo maana wapo wanaopendelea msongo usiotabirika, unaochanganya kizimba kilichoinamishwa, matandiko yaliyoloa na taa za usiku. Kwa anayeanza bado nashauri kibano, maana ni rahisi kukirudia sawasawa. Muhimu ni kuthibitisha kwamba kimefanya kazi.

Hatua ya 4: Thibitisha kwamba msongo umeingia

Usiue panya kabla ya kuwa na ushahidi huu. Weka chupa mbili, moja ya maji na moja ya maji yenye sukari asilimia 1, na ubadilishe nafasi zake kila siku kwa sababu panya wengine hupenda upande, si ladha. Panya mzima huegemea sana kwenye sukari, na mwenye msongo sugu hupunguza hamu hiyo. Chupa za kizimba hazikuonyeshi panya mmojammoja, kwa hiyo hapa linganisha kizimba na kizimba. Angalia uzito pia: kwa kawaida wa msongo huongezeka polepole zaidi.

Ukitaka kupima kotikosteroni ya damu, chukua sampuli asubuhi, wakati kiwango kiko chini, na umalize ndani ya dakika tatu tangu ulipogusa kizimba. Ukichelewa, unapima msongo wa kuchukuliwa damu.

Hatua ya 5: Toa hipokampasi

Subiri saa 24 baada ya kibano cha mwisho. Ukitoa ubongo mara tu panya anapotoka kwenye tyubu, unapima msongo wa asubuhi hiyo, si wa wiki tatu.

Panga foleni kwa kupishanisha, mmoja wa ulinganisho, mmoja wa msongo, na umalize asubuhi ileile. Waliobaki wasiwe kwenye chumba cha kazi. Wanasikia na wananusa.

Baada ya kifo, kata ngozi katikati ya kichwa, ingiza ncha ya mkasi kwenye tundu la nyuma ya fuvu, kata kwa kufuata mstari wa kati ncha ikitazama juu, kisha fungua mfupa pande zote mbili. Uinue ubongo kwa kijiko chembamba na uuweke kwenye sahani iliyo juu ya barafu, yenye bafa ya baridi. Tenganisha pande mbili. Laza nusu moja upande wa ndani ukitazama juu, ondoa sehemu ya kati kwa koleo, na chini ya gamba utaona kitu kilichojikunja kama korosho, kinang'aa zaidi kidogo kuliko tishu inayokizunguka. Hiyo ndiyo hipokampasi. Iviringishe nje taratibu. Ikitoka na tabaka jeupe la gamba, likwangue.

Kila upande utakupa miligramu 10 hadi 20. Uweke kwenye tyubu yake yenye namba ya siri, igandishe mara moja, kisha weka frizani. Andika dakika zilizopita tangu kifo. Jizoeze kwanza kwa panya waliokwisha kuuawa kwa kazi nyingine hadi uweze kumaliza ndani ya dakika tatu au nne. Protini zenye fosfati hubadilika ndani ya dakika chache, na mkono mzito utazipoteza.

Hatua ya 6: Saga

Kwa kila miligramu ya tishu weka mikrolita 10 za bafa ya RIPA ya baridi. Vizuizi vya vimeng'enya viongeze wakati huohuo wa kutumia, hasa PMSF, ambayo huharibika haraka ikishaingia majini, na ni sumu, kwa hiyo vaa glavu. Saga hipokampasi ya upande mmoja juu ya barafu, acha dakika 30, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa 14,000 g, nyuzi 4, dakika 15. Chukua maji ya juu na uyagawe kwenye tyubu ndogondogo, ili ile utakayoiyeyusha usiirudishe tena kwenye friza.

Kama baadaye utapima protini ya PSD-95, jua kwamba imeshikamana na sinapsi, yaani maungio ya seli za neva, na RIPA haiitoi yote. Nyingi hubaki kwenye mashapo ya chini. Tumia bafa yenye SDS, sabuni kali, asilimia 1 au 2.

Hatua ya 7: Pima jumla ya protini

Tumia BCA, maana SDS iliyomo kwenye RIPA huvuruga njia ya Bradford. Punguza ukali wa sampuli mara 10, pima mara mbilimbili, weka nyuzi 37 kwa dakika 30, soma kwenye nanomita 562.

Hesabu yake ni hii. Tuseme sampuli ina mikrogramu 6 kwa kila mikrolita, nawe unataka mikrolita 60 zenye mikrogramu 2 kwa mikrolita. Unahitaji mikrogramu 120, yaani mikrolita 20 za sampuli. Ongeza mikrolita 15 za bafa ya kupakia iliyo kali mara nne, na mikrolita 25 za RIPA. Jumla 60. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5. Ukipakia mikrolita 15 kwa kila kisima, kila panya ana mikrogramu 30.

Kabla ya hapo, chota kidogo kutoka kwa kila panya na uchanganye kwenye tyubu moja. Mchanganyiko huo utaingia kwenye kila jeli, na ndio utakaounganisha jeli zako.

Hatua ya 8: Endesha jeli na uhamishe

BDNF iliyokomaa ina uzito wa kilodaltoni 14 tu, na ile changa ina kama 32. Tumia jeli ya asilimia 15. Akrilamaidi ambayo haijaganda ni sumu ya neva; usiiguse bila glavu.

Kwa jeli ya visima 15: kisima cha kwanza leda ya uzito (protini zenye uzito unaojulikana), kisha panya sita wa ulinganisho na sita wa msongo wakipishana, kisha mchanganyiko, na cha mwisho BDNF safi kwa kiasi kidogo sana. Panya 24 wanaingia kwenye jeli mbili. Usiweke kundi moja jeli hii na kundi lingine jeli ile. Kosa hilo halirekebishiki kwa takwimu yoyote.

Anza na volti 80, zikishaingia vizuri panda hadi 120. Loweka PVDF kwenye methanoli kwanza. Jeli iwe upande wa hasi, utando upande wa chanya, bila povu katikati. Volti 100 kwa saa moja kwenye baridi zinatosha. Ukizidisha sana, protini ndogo kama hii hupenya utando na kutokea upande wa pili.

Paka Ponceau, piga picha, na utunze picha hiyo, maana utaihitaji kwenye hesabu.

Hatua ya 9: Kingamwili

Funika utando kwa maziwa ya unga asilimia 5 ndani ya TBST, bafa ya kuoshea, kwa saa moja. Kwa protini zenye fosfati tumia albumini, kwa sababu kaseini ya maziwa nayo ina fosfati. Weka kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4, osha mara tatu kwa dakika kumikumi, kisha kingamwili ya pili saa moja, osha tena. Usitumie bafa yenye sodiamu azaidi pamoja na kingamwili ya pili yenye HRP, kimeng'enya kinachowezesha mwanga utakaopigwa picha. Azaidi hukizima kimeng'enya hicho.

Hatua ya 10: Picha na hesabu

Piga picha kadhaa za muda tofauti na uchague ambayo hakuna bendi iliyojaa. Bendi iliyojaa huonekana nzuri machoni, lakini haipimi tena kitu. Pima kwa ImageJ, programu ya bure: ondoa mandharinyuma, pata namba ya BDNF, igawe kwa jumla ya Ponceau ya kisima kilekile, kisha kwa namba ya mchanganyiko wa jeli hiyohiyo.

Usimpe kila panya wa ulinganisho thamani ya 1. Gawa wote kwa wastani wa kundi la ulinganisho, ili tofauti kati ya panya na panya ibaki ionekane. Ukirudia jeli mara tatu, chukua wastani wa kila panya. N yako (idadi ya kuhesabia) ni 12 kwa kundi, si 36. Namba za siri zifunguliwe baada ya vipimo vyote kwisha.

Yakienda mrama

*Hakuna bendi kabisa.* Angalia Ponceau. Kama ni tupu, uhamishaji ndio ulioshindwa. Kama protini zipo na BDNF safi imeonekana, basi sampuli zako zimeharibika au kiasi ni kidogo. Kama hata BDNF safi haionekani, ndipo ushuku kingamwili.

*Bendi ni nyingi mno.* Kingamwili za BDNF zina sifa mbaya kwa hilo. Bendi isiyolingana na BDNF safi usiihesabu kama BDNF iliyokomaa, hata kama ndiyo pekee yenye tofauti ya kuvutia. Kama unachotaka ni kiasi tu, fikiria ELISA, kipimo cha kingamwili kisichotumia jeli, lakini soma maelezo ya kifaa ujue kama kinatenganisha changa na iliyokomaa.

*Aktini imebadilika.* Inawezekana kabisa ni kweli. Matawi ya neva yakifupika, aktini nayo huguswa. Ndiyo sababu nimekupeleka kwenye Ponceau. Ukitumia GAPDH, protini nyingine ya kulinganishia yenye kilodaltoni 37, usiiweke pamoja na sinaptofizini, protini ya sinapsi yenye 38, hutazitenganisha.

*Bendi zimepinda kama tabasamu.* Jeli imepata joto. Punguza volti au iweke kwenye barafu.

*Makundi yako sawa.* Rudi hatua ya 4. Kama uzito na sukari navyo vilikuwa sawa, msongo haukuingia, au panya wa ulinganisho nao walikuwa na msongo: madume wanaopigana, ujenzi karibu na chumba, mtu mpya wa kusafisha vizimba. Kama msongo uliingia na BDNF haikusogea, basi hayo ni matokeo. Yaandike kama yalivyo, pamoja na idadi ya panya, saa ya kibano na dakika za kutoa ubongo, ili mwingine asiwatumie panya wengine 24 kwa swali hilohilo.

*Kundi la msongo limetawanyika, nusu chini, nusu sawa na ulinganisho.* Usiwafute waliokukera. Wapo panya wanaohimili, na wapo wasiohimili. Weka namba za sukari pembeni ya namba za BDNF uone kama vizimba vilivyopoteza hamu ndivyo vyenye protini kidogo. Hipokampasi za upande wa pili bado ziko kwenye friza. Ukipata kitu hapo, hizo ndizo za kuthibitishia.